Mkono Uliopitiliza

Winfrida Kimaro hakupenda mtu asimame nyuma ya kiti chake akiwa kazini, na asubuhi ile walikuwa wamesimama wawili. Mmoja alikuwa Kiran, mwenye studio. Mwingine alikuwa Aminieli, meneja wa kampuni moja ya kupandisha wageni mlimani, mwanamume wa sauti ya chini ambaye viatu vyake havikutoa mlio hata sakafuni. Kwenye kioo cha kompyuta, watu watatu wa kijivu wasio na nyuso walikuwa wakipanda ukuta wa mawe.

Wa mbele alikuwa na mzigo mkubwa mgongoni. Alikanyaga jiwe. Wa katikati akainua mkono. Mkono ukaenda mbele, ukagusa mzigo, ukarudi. Wa mbele akaanguka.

"Hapo!" Aminieli alisema. "Rudisha nyuma kidogo."

Winfrida akarudisha. Safari hii akaona kile ambacho Aminieli alikuwa amekiona.

"Hii bado rasimu," alisema haraka. "Mkono umepitiliza. Sijaurekebisha."

"Usiurekebishe."

"Bwana Aminieli, hilo limefanywa na kompyuta. Kwenye picha mkono haugusi."

"Kwenye picha mkono uko wapi?"

"Uko karibu na mzigo."

"Na baada ya hapo kijana akafanya nini?"

Winfrida akasogeza kipanya pembeni.

"Akaanguka," Aminieli alisema, bila kupandisha sauti. "Mimi naona kompyuta yako ina akili kuliko wewe."

Picha zenyewe zilikuwa tatu tu. Mgeni mmoja, aliyekuwa ng'ambo ya korongo akipumzika, alikuwa akiupiga picha mlima kwa simu yake, na kwa bahati akaunasa msafara wa kampuni ya Aminieli. Ya kwanza ilipigwa saa tatu na dakika kumi na nne asubuhi, sekunde ya saba: Aristides, mpagazi, yuko mbele, Godlove, mwongozaji, yuko nyuma yake, mkono chini, mpagazi wa pili, Jacob, anawafuata. Ya pili ilikuwa ya sekunde ya tisa: mkono wa Godlove umeinuka, kiganja kimeelekea mzigo wa Aristides, na kati ya kiganja na mzigo kuna nafasi ya kupitisha kiganja kingine. Ya tatu, sekunde ya kumi na moja: Aristides hayupo tena njiani, yuko chini ya ukuta, na mkono wa Godlove bado uko palepale hewani. Kati ya picha na picha hapakuwa na kitu. Aristides hakufa, lakini alivunjika nyonga na mbavu, na kichwa kilipigwa vibaya. Kamati ya nidhamu ya waongozaji ilikuwa imeitisha shauri, na Aminieli alitaka zile picha tatu ziunganishwe ziwe katuni ya sekunde nne, wajumbe waone mambo yalivyokwenda.

Kazi hiyo Winfrida aliijua vizuri. Alizaliwa Machame, juu ya Kwa Sadala, kwenye kihamba cha migomba na kahawa, na tangu darasa la tatu alikuwa akichora ng'ombe pembeni mwa madaftari, kila ukurasa ng'ombe akisogeza mguu kidogo, ili ukiperuzi haraka ng'ombe atembee. Alisomea Dar, akafanya kazi miaka minne kwenye kampuni ya matangazo, kisha mama yake alipoanza kusumbuliwa na magoti akarudi nyumbani. Sasa alikuwa na miaka thelathini na tatu, na kila siku alishuka Moshi mjini kwenye studio ya Kiran, ambayo zamani ilikuwa studio ya picha ya baba yake Kiran. Alitengeneza matangazo ya rangi za nyumba, vionjo vya video za harusi, na mafunzo ya kupogoa mibuni. Watu walimsifu kwa jambo moja: vitu vyake vilitembea kama vilivyo hai.

Uhai huo una siri yake, wala si siri kubwa. Anayetengeneza katuni kwa kompyuta hachori kila picha. Hupanga zile za lazima tu: mkono uko hapa, baadaye uko pale. Hizo huitwa fremu kuu. Zilizo katikati hujazwa na programu, na namna ya kuzijaza hutegemea mstari unaoichagulia. Kuna mstari wa kuteleza, unaokifanya kitu kiondoke na kufika kwa ulaini, kama kiungo cha mtu. Kuna mstari mnyoofu, mwendo uleule mwanzo hadi mwisho, mkavu kama wa mashine. Na kuna mstari wa ngazi, ambao haujazi chochote. Kitu hukaa pale kilipo mpaka fremu kuu inayofuata, kisha huruka.

Winfrida alikuwa ameweka wa kuteleza kwa sababu ndio aliouzoea. Mkono wa Godlove ulitoka chini kwa kasi, na programu haikukubali kuusimamisha ghafla kwenye fremu ya pili. Ikaupeleka mbele zaidi, ikaukunja, kisha ikaurudisha utue kwenye fremu ya tatu. Katika kupitiliza huko kiganja kikavuka ile nafasi na kugusa mzigo. Ni kosa dogo ambalo kila mwenye kazi hii hulirekebisha mara kumi kwa siku, kwa kuvuta kishikio cha mstari mpaka ulale.

"Na haya maandishi ya chini," Aminieli alisema, "yaondoe. Yanawachanganya watu."

Chini ya kioo Winfrida alikuwa ameandika: *Mwendo wa katikati ni makisio ya kompyuta.*

Akamgeukia Kiran. Kiran alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitano, mwepesi wa maneno siku zote, lakini sasa alikuwa akiangalia dirishani, kwenye duka la vitambaa la ng'ambo ya barabara, kana kwamba ndiyo kwanza limefunguliwa.

"Kazi ni ya mteja," Kiran alisema hatimaye. "Mpe anachotaka, Winfrida."

Winfrida akabofya. Maandishi yakatoweka. Aminieli akachukua rasimu kwenye flashi yake, akashukuru kwa adabu, akaondoka.

* * *

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi mchana Winfrida alikuwa jikoni nyumbani Machame, akimenya ndizi kwa ajili ya mtori, wakati mama yake, Veronika, alipoingia ameishika simu kwa mikono miwili.

"Winfrida, njoo uone. Wametuma kwenye kundi la usharika, na jina wameliandika. Godlove amemsukuma mtoto wa watu!"

Winfrida hakuhitaji kuangalia. Alisikia tu ule mlio wa upepo aliouweka yeye mwenyewe, kwa kuona kwamba mlima bila upepo haupendezi.

"Mama, hiyo si video."

"Si video vipi? Si huyu hapa? Mkono wake huu."

"Ni katuni. Nimeitengeneza mimi."

Veronika akakaa kwenye kigoda. Alikuwa akimfahamu Godlove tangu akiwa mtoto. Kihamba cha kwao kilikuwa chini ya barabara, na yeye ndiye aliyekuwa mwimba besi wa kwaya ya pili.

"Umeitengeneza wewe," alirudia. "Kwa hiyo umeona alivyomsukuma."

"Sijaona. Hakuna aliyeona. Zile ni picha tatu tu, Mama, katikati kompyuta imejaza."

"Imejaza nini?"

"Imejaza... mwendo."

Veronika akaiangalia ile simu, akaiweka mezani kifudifudi.

"Mama yake atakuja kanisani kesho," alisema. "Sijui nitamsalimiaje."

Lakini mama yake Godlove hakuja kanisani kesho yake. Alikuja Godlove mwenyewe, baada ya ibada, mpaka uani kwao. Alikuwa mtu mrefu wa miaka hamsini na kitu, uso umeungua na jua la juu kule, na siku hiyo alivaa suti iliyomlegea mabegani. Mbwa walimfahamu, hawakubweka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Karibu ukae."

"Nashukuru, sitakaa. Nimekuja kwa Winfrida."

Winfrida alitoka mlangoni. Mikono yake ilikuwa na unga. Aliificha nyuma kama mtoto aliyekamatwa.

"Shikamoo, Kaka Godlove."

"Marahaba." Akasogea hatua moja. "Nimeambiwa ni wewe uliyetengeneza ile kitu."

"Ni mimi."

"Nina swali moja tu. Pale mkono unapogusa, ulipapata wapi?"

Winfrida akajaribu kumweleza. Alisema kuhusu fremu kuu, mstari wa kuteleza, kasi, kupitiliza. Kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yalivyozidi kuonekana mepesi. Godlove alisikiliza mpaka mwisho, kama anavyomsikiliza mgeni aliyeshikwa na kizunguzungu cha mlimani.

"Kwa hiyo hapakupatikana popote," alisema.

"Hapana."

"Mimi mkono niliuinua nimshike. Niliona jiwe linamteleza, nikamwambia, 'Aristides, taratibu,' nikainua mkono nikamate mkanda wa mzigo. Sikumfikia." Alinyoosha mkono wa kulia mbele yake, akauangalia. "Kila nikilala simfikii. Sasa watu wamewekewa nikimfikia."

Veronika alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Winfrida alisema pole. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo ndilo lililomkosesha raha kabisa: hakujua kama Godlove anasema kweli. Picha hazikumwambia. Huenda alisukuma. Huenda hakusukuma. Yeye alikuwa na picha tatu tu, kama kila mtu.

"Shauri ni Jumatano," Godlove alisema. "Leseni yangu wameishika. Mama asiangalie tena hiyo simu, tafadhali. Kwaherini."

* * *

Jumatatu Winfrida hakwenda kazini moja kwa moja. Alishukia mjini, akaelekea Hospitali ya Mawenzi, akauliza wodi ya wanaume ya mifupa. Aristides alikuwa kitanda cha dirishani, kijana wa miaka ishirini na sita, mguu umefungwa, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Dada yake, aliyekuwa akimlisha uji, alimpa Winfrida nafasi kwenye benchi.

"Mimi ndiye niliyetengeneza ile katuni," Winfrida alisema. Alikuwa ameamua njiani kwamba hatazunguka.

Dada mtu akaacha kijiko hewani. Aristides yeye akageuza kichwa polepole.

"Bora umekuja," alisema. "Nilitaka kukuuliza. Alinisukuma?"

"Sijui. Nilidhani wewe ndiye utaniambia."

"Nakumbuka asubuhi tulikunywa chai ya tangawizi. Nakumbuka mawe yana barafu kidogo. Nakumbuka Kaka Godlove akiniita jina. Halafu nakumbuka mbingu, na Jacob analia." Alivuta pumzi kwa uangalifu, mkono kwenye mbavu. "Katikati palikuwa peupe. Daktari akasema huenda kumbukumbu ikarudi, huenda isirudi. Nikasema sawa. Halafu Ijumaa jamaa wa kazini akaja kunionyesha simu."

"Ukaiona."

"Mara nyingi. Mpaka dada akaninyang'anya. Sasa nikifumba macho nausikia ule mkono hapa." Akajaribu kufikisha vidole nyuma ya bega, akashindwa. "Nausikia kabisa unanisukuma. Ila sijui kama nimekumbuka, au ni kile nilichokiona kwenye simu. Wewe ungeweza kujua tofauti?"

Dada yake akamkazia macho Winfrida. "Mjibu," alisema.

"Nisingeweza," Winfrida alisema.

"Kaka Godlove amenifundisha kazi miaka mitano," Aristides aliendelea. "Kama alinisukuma nataka nimchukie vizuri. Kama hakunisukuma, nimekwisha kumchukia siku tatu bure. Na Jumatano watu wa kamati watanipigia simu waniulize. Niwaambie nini?"

Winfrida alitoka wodini. Alisimama nje karibu na geti, watu wakimpita na mabakuli ya chakula, na akajilazimisha kulisema jambo lile kwa maneno yake yenyewe, kimoyomoyo, bila kulipunguza: ameingiza mkono kwenye kichwa cha mtu.

* * *

"Nataka kwenda kwenye shauri," alimwambia Kiran alipofika studio.

"Kwa nini? Hujaitwa."

"Nataka kuwaonyesha jinsi ulivyotokea ule mkono."

Kiran akafunga mlango wa ofisi yake. "Sikiliza. Aminieli analeta kazi hapa mwaka wa tatu sasa. Ukienda kusema mbele za watu kwamba kazi ya studio hii ni uongo, nani ataleta nyingine? Baba yangu alipiga picha hapa miaka arobaini. Hakuna mtu aliyewahi kusema picha ya studio hii ni ya uongo."

"Ndiyo maana naenda, Dada Kiran."

"Usinigeuzie maneno."

"Sigeuzi. Nimetoka Mawenzi. Nimemwona kijana." Na Winfrida akamsimulia yote, mpaka ule mkono ambao Aristides alikuwa akiusikia begani.

Kiran alisikiliza akiwa amesimama. Mwisho aliketi, akapanga kalamu zake upya juu ya meza.

"Faili ni la studio," alisema. "Siwezi kukupa."

"Zile picha tatu ziko kwenye jalada la kamati. Nitatengeneza upya, kwenye kompyuta yangu mwenyewe."

"Basi utakwenda kama Winfrida. Hutakwenda kama studio. Na Alhamisi tutaona kama bado una kiti hapa."

Winfrida alifanya kazi ile siku nzima ya Jumanne, nyumbani, mezani sebuleni, huku mama yake akipita kwa kunyata kana kwamba kuna mgonjwa. Watu watatu wa kijivu. Ukuta. Fremu kuu tatu. Safari hii hakuweka upepo.

* * *

Shauri lilikaa kwenye ukumbi mdogo mjini, wenye viti vya plastiki na kioo cha kuonyeshea picha ukutani. Mwenyekiti alikuwa Doris, hakimu mstaafu, mama wa miwani mizito aliyekuwa akiandika kila kitu kwa mkono. Kulia kwake na kushoto walikaa waongozaji wazoefu wanne. Godlove alikaa mbele peke yake. Aminieli alikuwa na kompyuta yake tayari, na alipomwona Winfrida akiingia, aliinuka nusu, kisha akakaa.

Ile katuni ilionyeshwa kwanza. Sekunde nne. Mkono ukaenda, ukagusa, ukarudi. Aristides wa kijivu akaanguka. Mjumbe mmoja akatoa mguno. Godlove aliangalia sakafu.

"Kuna mtu wa kusema lolote kuhusu hii?" Doris aliuliza.

Winfrida alisimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi ndiye niliyeitengeneza."

"Huyu hakuitwa," Aminieli alisema.

"Nimesikia," Doris alijibu bila kumwangalia. "Endelea, dada."

"Naomba niwaonyeshe zile picha tatu, kama zilivyo kwenye jalada lenu. Halafu niwaonyeshe mara tatu jinsi zinavyoweza kuunganishwa. Fremu kuu ni zilezile. Sijasogeza hata moja."

Akaunganisha waya. Kompyuta ikakataa kwanza, kioo kikabaki cha bluu. Mtu akakohoa. Akaunganisha tena, picha ikaja.

"Huu ni mstari wa kuteleza."

Mkono ukaenda, ukagusa, ukarudi. Aristides akaanguka.

"Huu ni mstari mnyoofu."

Mkono ukapanda mwendo mmoja, ukasimama umbali wa kiganja, ukabaki hapo. Haukugusa. Aristides akaanguka. Wajumbe wawili wakainama mbele.

"Na huu ni wa ngazi."

Mkono uko chini. Halafu, bila kupita popote, uko juu. Aristides yuko njiani. Halafu yuko chini ya ukuta. Hakukuwa na mwendo wowote. Ukumbi mzima ulikuwa ukiangalia watu wa kijivu waliosimama kimya.

"Mbona huu hauonyeshi kitu?" mjumbe mmoja aliuliza.

"Unaonyesha kila tunachokijua, mzee."

Aminieli alisimama. "Mwenyekiti, huyu dada anatuchezea kiinimacho. Hebu aseme wazi. Unasema Godlove hakumsukuma?"

Hili ndilo swali alilokuwa akiliogopa njia nzima kutoka Machame. Godlove alikuwa ameinua uso na kumwangalia, na ingekuwa rahisi sana kusema ndiyo.

"Sisemi hivyo," Winfrida alisema. "Nasema sijui. Na kompyuta haijui. Mkono unaogusa haukutoka mlimani. Ulitoka kwenye mstari niliouchagua mimi kwa mazoea. Ningechagua mwingine, usingegusa."

Godlove akainamisha uso tena. Ilimuuma Winfrida kumwona, lakini hakuwa na jingine la kumpa.

Doris alikuwa akiandika. "Kitu kama hiki," alisema, "huwa hakiandikwi chini kwamba ni makisio?"

"Huandikwa. Niliandika."

"Mbona sikuona?"

"Yaliondolewa."

"Na nani?"

Winfrida angeweza kumtazama Aminieli, na kila mtu angeelewa.

"Niliambiwa niyaondoe," alisema. "Aliyebofya ni mimi. Ningeweza kukataa, sikukataa."

Kalamu ya Doris ikasimama. Kisha mwenyekiti akavua miwani, akamgeukia Aminieli.

"Kwenye picha zote tatu kuna mtu wa nyuma. Jacob. Simwoni kwenye orodha ya mashahidi."

"Tuliona hakuna haja, Mheshimiwa. Kwa kuwa katuni ipo."

"Haja ipo," Doris alisema. "Shauri linaahirishwa. Hizo katuni zitoke kwenye jalada, zote mbili, ya kwake na ya kwako. Nataka Jacob aje hapa Jumatatu, na asije na meneja wake."

* * *

Jacob alikuja. Winfrida hakuwepo, alisimuliwa. Jacob alisema jiwe lilibiringika chini ya mguu wa Aristides, na mzigo, ambao asubuhi ile haukupimwa, ukamvuta nyuma na pembeni. Mkono wa Godlove aliuona ukinyooka, aliuona ukikosa. Alisema alikuwa amekaa kimya kwa sababu aliambiwa hahitajiki, na mtu aliyeambiwa hivyo na bosi wake haendi kujipeleka. Baada ya majuma mawili kamati ilimrudishia Godlove leseni, na kampuni ikapewa karipio la maandishi kuhusu mizigo. Wajumbe watatu walikubaliana na uamuzi huo, mmoja hakukubali. Mpaka leo yupo anayesema Jacob alimlinda rafiki yake.

Aristides hakuwahi kukumbuka. Alipoanza kutembea na magongo alimwomba Godlove aje nyumbani kwao, wakakaa uani kutwa nzima, na kinachojulikana ni kwamba Godlove aliondoka akiwa amebeba mkungu wa ndizi aliopewa. Aristides hajarudi mlimani, anafundisha vijana wapya namna ya kufunga mizigo. Alimwambia Winfrida kwamba ule mkono bado unamjia, siku za baridi hasa, na kwamba sasa akiusikia anauambia, "Wewe si wa huku."

Alhamisi ile, siku moja baada ya shauri kuahirishwa, Winfrida alikuta kiti chake bado kipo. Kiran hakumfukuza wala hakumsifu. Kwa mwezi mzima alizungumza naye salamu tu. Kampuni ya Aminieli ilipeleka kazi zake Arusha. Halafu siku moja Kiran aliingia na karatasi iliyochapwa, akaibandika ukutani juu ya meza ya Winfrida bila kusema neno: studio haitengenezi marudio ya ajali wala ya kesi bila maandishi ya kuonyesha kilichokisiwa. Chini alikuwa ameweka sahihi yake, na nafasi tupu kwa ajili ya sahihi ya pili. Winfrida akatia yake.

Ile katuni yenyewe haikuweza kurudishwa. Mwezi wa tano, Winfrida alikuwa Bomang'ombe, ametoka kufuatilia hati ya kihamba kwenye ofisi za wilaya, anasubiri basi la kupanda juu. Pembeni yake alikaa mama mwenye kapu la parachichi, anaangalia simu na mwenzake.

"Ona," mama yule alisema. "Ona alivyomsukuma, jamani. Watu wana roho!"

Basi likaja. Kondakta akapiga kelele, watu wakainuka na mizigo yao. Winfrida aliinuka nao, akashika mlango, akasimama. Kisha akarudi kwenye benchi, akakaa karibu na yule mama.

"Shikamoo, Mama," alisema. "Samahani. Naomba nikuonyeshe kitu hapo kwenye simu yako. Isimamishe hapo, kabla mkono haujafika."